Daftari Lililoanzia Nyuma

Bibi yangu aliniruhusu kwenda skuli kwa sharti moja. Aliniambia, mbele ya mjomba wangu aliyekuwa amemsihi tangu Mfunguo Mosi, mara baada ya Ramadhani, kwamba siku nitakayorudi nyumbani nimelia ndiyo siku ya mwisho. "Mtoto wangu simpeleki mahali akaonewe," alisema. "Msahafu keshaukhitimu. Hilo lingine ni ziada." Mjomba alijibu, "Naam, mama," akanyamaza haraka kabla hajaongezewa sharti la pili.

Ulikuwa mwaka uliofuata uhuru, hapa Msambweni. Wasichana wa skuli walikuwa wachache, na wazee wengi walihofu kwamba mtoto akiingia huko atatoka na dini nyingine. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nimeamua moyoni kwamba sitalia, Mwenyezi Mungu akinisaidia, kwa sababu nilikitaka kile chumba cha kuta nyeupe na madawati yake kuliko kitu chochote duniani.

Mwalimu wetu alikuwa kijana wa bara, mpole wa sauti lakini mkali wa kanuni. Kanuni yake kubwa ilikuwa daftari. Vijana walikuwa na tabia ya kuchana karatasi wakatengenezea tiara za kurusha upepeni, kwa hiyo mwenye kuharibu daftari alirudishwa nyumbani, asionekane tena mpaka aje na mzee wake.

Asubuhi ile ya kwanza aliandika silabi ubaoni, akatuambia tuzinakili, akatoka kidogo kwenda kwa mwalimu mkuu. Nilifungua daftari langu jipya kama nilivyozoea kufungua juzuu ya Kurani chuoni kwa maalim, upande ule ambao wenzangu waliuita mwisho. Herufi ya kwanza nikaiweka pembeni kulia, nikaendelea kuelekea kushoto, kwa mwandiko wa kujivunia. Nilikuwa nimejaza nusu ya ukurasa pale mvulana wa dawati la nyuma yangu aliposimama kuchungulia.

"Tazameni," akasema. "Maalim kaja kutusomea hitima."

Darasa zima likacheka. Mwingine akauliza, "Maalim, ubani uko wapi?" Wakacheka tena. Nikalowesha kidole mate, nikajaribu kufuta penseli, na karatasi ikatoboka. Nikaliziba lile tundu kwa kiganja. Nilijua mambo mawili yanayofuata: bibi ataitwa, na bibi hatabishana na mtu. Atanishika mkono tu tuondoke.

Msichana niliyekaa naye dawati moja alikuwa jirani yetu, tukichota maji kisima kimoja. Sharti la bibi alilijua, kwa kuwa bibi hakuwa mtu wa kusema jambo kwa sauti ndogo. Akageuka nyuma akamwambia yule mvulana, polepole, "Akilia huyu, kesho haji tena. Bibi yake amekwisha kuapa."

"Kabisa haji?"

"Kabisa."

Yule mvulana akaketi. Kicheko kikafifia chenyewe.

Kengele ya mapumziko ilipolia wenzangu hawakutoka kucheza. Mwenzangu wa dawati alichuma mwiba wa mlimau uliokuwa nje ya dirisha, akafungua vile vichuma viwili vinavyoshika karatasi katikati ya daftari langu, akaitoa ile iliyotoboka. Kisha akafungua daftari lake mwenyewe, akachomoa karatasi safi, akaniwekea. Aliyenicheka ndiye aliyekunja vichuma upya, kwa meno, huku wengine wakimwambia, "Taratibu, usitie mate." Ile karatasi mbovu akaitia mfukoni mwake. Wakanionyesha upande wa kuanzia, na mkono mmoja mdogo ukashika mkono wangu kuuongoza kwenda kulia. Nikaanza kunakili upya.

Mwalimu aliporudi alianza kukagua. Langu alilipita. La mwenzangu alilipima mkononi, akaona vichuma vimelegea.

"Karatasi umepeleka wapi?"

Mwenzangu akatazama chini.

"Umetengenezea tiara?"

Akauvuta mtandio wake mbele.

"Basi. Kesho usije bila ya baba yako."

Baba yake tulimjua sote. Hakuwa mtu wa kuitwa kwa mambo ya watoto. Hata hivyo yule msichana hakufungua mdomo. Mimi nilikuwa nimefundishwa kwamba haki ya mja mwenzako utaulizwa siku ya hesabu, nikaona ni kheri kurudi kwa bibi kuliko kuibeba hii. Nikasimama.

"Mwalimu, karatasi ninayo mimi. Langu nililiharibu, akanipa yake."

"Iko wapi hiyo iliyoharibika?"

Yule mvulana akaitoa mfukoni, imekunjamana. Mwalimu akaikunjua, akaigeuza juu chini, kisha chini juu.

"Mbona imeanzia huku?"

Wakajibu karibu wote pamoja, "Ndivyo tuandikavyo chuoni, mwalimu."

"Nyote?"

"Sote."

Yule mvulana akakuna shingo. "Hata mie, mwalimu. Siku yangu ya kwanza nilianzia nyuma vilevile. Nilichekwa mpaka jioni."

Mwalimu akaifuata ile mistari kwa kidole, kutoka kulia kwenda kushoto. Nafikiri siku ile ndipo alipojua amekuja kufundisha watoto ambao tayari walikuwa wakisoma. Akamrudishia mwenzangu daftari lake bila kumtaja tena baba yake, akaniambia nikae. Na mimi, niliyestahimili kicheko na tundu na hofu yote ile, nikaweka kichwa juu ya dawati nikalia.

Walinisindikiza nyumbani watoto sita. Njiani waliniosha uso kisimani, mara mbili, lakini macho yalibaki mekundu. Bibi alikuwa barazani akisuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo, bibi," wakasema.

"Marahaba, wajukuu zangu." Akanitazama mimi. "Umelia."

Yule mvulana akawahi, "Mchanga, bibi, upepo..."

"Sikukuuliza wewe."

"Nimelia, bibi," nikasema.

"Nani kakuonea?"

"Hakuna. Walinitetea, ndipo nikalia."

Mwenzangu wa dawati akamsimulia yote, na mvulana akakiri sehemu yake ya kucheka kabla hajaulizwa. Bibi alisikiliza huku vidole vyake vinasuka. Walipomaliza aliuweka ukili chini, jambo ambalo hakulifanya ila kwa sala au kwa mgeni.

"Huyo aliyecheka nyumba yao iko wapi?"

"Pale kwenye minazi miwili, bibi," akajibu yule mvulana kwa sauti ya mtu anayengoja adhabu.

"Basi hapa ni njiani kwako. Utampitia kila asubuhi, na usimcheleweshe." Akainuka kuingia jikoni. "Kaeni. Kuna muhogo."