Chumba cha Nusu Bei

Pale Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, hakuna muuza vitenge aliyependa kumwona Marceline akiingia dukani mwake. Mtu akimtajia bei, hakubishana. Alinyamaza tu, akaangalia nje kama anayesubiri gari, mpaka mwenye duka mwenyewe akaanza kuishusha. Kwa miaka ishirini na miwili alitoka Likasi kila mwezi, akanunua vitenge na mashuka, akarudi kuviuza nyumbani kwake, mtaa wa Panda. Watoto wake wanne walisomeshwa kwa biashara hiyo, kwa sababu mshahara wa baba yao ulikuwa wa kuchelewa.

Baba yao, Évariste, alikuwa mashinisti, dereva wa treni za mizigo. Upande wa kusini hakuwahi kupita Sakania, stesheni ya mwisho kabla ya mpaka. Lakini alijua kwamba reli haiishii Sakania. Inaendelea Ndola, inafika Lusaka, inashuka mpaka Livingstone, na pale inavuka mto Zambezi juu ya daraja la chuma, mbele kabisa ya maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Alipostaafu, habari za daraja lile zilikuwa hazimtoki mdomoni. Alilitaja kama mtu anavyomtaja ndugu aliyehamia mbali na ambaye bado hajaenda kumsalimu.

Mwaka mmoja, mwezi wa pili, miguu yake ilianza kuvimba. Daktari alisema moyo umechoka. Aliandika dawa, akakataza chumvi na mizigo mizito, kisha akamwambia Marceline pembeni kwamba kama kuna jambo mzee analitaka, wasilisogeze mbele sana.

Ndipo wakakaa sebuleni kuchagua, wao wawili na Gaëlle, mtoto wao wa kwanza, aliyekuwa akiuza dawa kwenye famasi moja ya Kambove. Gaëlle alitaka baba yake apelekwe Dar es Salaam kwa ndege kutoka Lubumbashi, akapumzike mahali penye upepo. Marceline alikataa mara moja.

"Ndege itakula yote," alisema. "Tutafika kule, tutakula mikate na maji."

Gaëlle akataja Siavonga, kwenye ziwa la Kariba, ambako mwenzake wa kazini alikwenda kwa fungate. Marceline akauliza kuna nini cha kuona. Gaëlle akasema ziwa.

"Miye nataka kuona daraja," alisema Évariste. "Na maji ile."

Basi ikawa Livingstone. Marceline alipata namba ya nyumba ya wageni iliyomilikiwa na mama mmoja mzaliwa wa Kitwe. Walizungumza Kibemba, lugha ambayo Marceline aliijua vizuri kwa ajili ya biashara. Mama yule alimwambia Pasaka inakaribia, wageni ni wengi, bei ni bei. Marceline akanyamaza kwenye simu. Alinyamaza muda mrefu mpaka yule mama akauliza kama bado yupo. Mwishoni akamwambia: ukija Novemba, nitakupa chumba kwa nusu, na chai ya asubuhi na yai juu yangu.

Marceline alikata simu akiwa ameshinda.

"Mama, muende sasa," alisema Gaëlle. "Feza ile inabakia, miye nitaongeza."

"Weye uko na batoto ba kulisha. Novemba haiko mbali."

"Kwa papa iko mbali."

Évariste alikuwa amekaa kwenye kiti chake, miguu juu ya kigoda. "Mwache mama yako," alisema. "Bei, njo yeye anajua."

Katika simu ile, Marceline aliuliza kila kitu. Aliuliza kama kitanda ni kipana, kama feni inafanya kazi, kama choo kiko ndani, kama teksi ni mbali. Aliuliza yote ambayo mnunuzi huuliza. Hakuuliza mto unakuwaje mwezi huo, kwa sababu hakuwahi kufikiri kwamba maporomoko ya maji yanaweza kukosa maji.

Mwezi wa nane Évariste alilazwa wiki mbili. Alitoka amekonda usoni na amevimba magotini. Gaëlle akasema safari ivunjwe. Baba yake hakutaka kusikia. Alimwomba Marceline amnunulie viatu vya namba kubwa zaidi, akavivaa ndani ya nyumba kila siku ili avizoee.

Waliondoka katikati ya Novemba kwa basi, wakalala Lusaka, wakaendelea asubuhi. Njiani Évariste hakulala kabisa. Kila barabara ilipokaribia reli alimgusa Marceline mkono. "Ona. Ni ile tu. Ni ile ya kwetu." Na Marceline, ambaye mpakani alibadilisha fedha kwa bei nzuri kuliko abiria wote, alijiona amefanya kazi yake.

Livingstone ilikuwa na joto ambalo Likasi haijui. Chumba kilikuwa safi, kitanda kipana, feni ilizunguka. Asubuhi yai lilikuja kama alivyoahidiwa. Walipanda teksi mpaka langoni, kisha wakashika njia ya miguu polepole, yeye akimshika mumewe kiwiko. Kila hatua ishirini walisimama apumue.

Marceline ndiye aliyeanza kuhisi kwamba kuna kitu hakiko sawa. Alikuwa ameambiwa maji yale yanasikika kutoka mbali. Lakini alichosikia ni ndege kwenye miti na pumzi za mumewe tu.

Walipofika kwenye kizuizi waliona ukuta wa mwamba, mrefu kushuka, wa rangi ya kahawia, mkavu. Mbali sana, upande wa pili, kulikuwa na weupe kidogo ukishuka. Mfanyakazi mmoja alikuwa akifagia majani. Marceline alimuuliza kwa Kibemba maji yako wapi.

"Maji yako kule, upande wa Zimbabwe," alijibu yule bwana bila kushangaa. "Huku hukauka kila mwaka miezi hii. Ungekuja Aprili, mama, hapo uliposimama ungelowa mpaka ndani, na mzee hapo kando yako usingemwona kwa moshi wa maji."

"Aprili?"

"Aprili, Mei. Hiyo ndiyo miezi yake."

Kwenda upande ule kulitaka karatasi nyingine za mpaka na mwendo mrefu mwingine, na Évariste alikuwa ameshakaa kwenye benchi, mdomo wazi, akitafuta pumzi. Kutoka pale daraja lilionekana. Walikaa zaidi ya saa moja kungoja treni ipite. Haikupita.

"Chuma ya zamani," alisema Évariste. "Baliijenga muzuri."

"Unisamehe, Baba Gaëlle."

"Ya nini?"

"Ya maji."

Aliutazama mwamba tena. "Tulisha kufika," alisema. "Kaa. Jua iko kali."

Jioni Gaëlle alipiga simu. Évariste aliichukua mwenyewe. "Maji mingi, mutoto yangu," alisema. "Mingi sana. Tulilowa, miye na mama yako, mpaka nguo." Marceline alilitazama shati la mumewe. Lilikuwa limelowa kweli, jasho tupu, limeng'ang'ania mbavu.

Asubuhi iliyofuata Évariste hakuweza kusimama. Mama mwenye nyumba aliita gari, wakampeleka hospitali, akawekewa hewa. Marceline alikaa kando ya kitanda siku mbili akimpepea kwa kipande cha katoni. Siku ya tatu, watu walipokuwa wakigawa uji wa asubuhi, Évariste alifariki. Hakuwa amesema neno tangu jana yake.

Dereva mwenye gari la kubeba maiti mpaka mpakani alitaja bei yake, akaanza kujieleza kuhusu mafuta na barabara, akitarajia kubishana. Marceline alifungua kitambaa cha kiunoni alichofungia fedha, akamhesabia yote.

Likasi walimzika Évariste siku ya Jumamosi. Mashinisti wenzake wa zamani walikuja na kofia zao. Msibani, neno lilikuwa moja kwa kila mtu: angalau aliona maji. Gaëlle ndiye aliyelileta, kwa sababu ndiye aliyeambiwa, na kila alipolisema alitulia kidogo. Pasta alilisema tena kaburini. Marceline aliinamisha kichwa kila mara, na watu wakadhani ni huzuni tu.

Alilibeba neno hilo mpaka Januari. Siku moja ya Jumapili, baada ya ibada, Gaëlle alikuja kumsaidia kupanga nguo za marehemu za kugawia ndugu. Alikuwa ameshika shati lile.

"Njo hii alivaa siku ya maji?"

Marceline alikaa kitandani. "Hakukuwa maji, Gaëlle," alisema. "Kule Novemba inakauka. Tuliona majiwe. Baba yako alikudanganya kwa ajili yangu, ili usinikasirikie."

Gaëlle alilitandaza shati kitandani. Akaanza kulikunja. Kisha akauliza, "Na mwezi wa ine, wakati ya Pasaka?"

"Mwezi wa ine maji iko. Iko mingi."

"Nilikuambia nitaongeza."

"Uliniambia."

Gaëlle aliweka shati juu ya mengine, akachukua mkoba wake, akatoka. Chakula kilikuwa kimeshaiva. Marceline alisikia mlango wa uani ukifungwa, bila kupigwa, kisha pikipiki ikiitwa barabarani.

Jumapili mbili hakuja. Ya tatu alikuja na watoto, akasalimia, akaingia jikoni kuosha sombe, majani ya muhogo. Hawajalizungumza tena. Watoto wakimuuliza bibi yao kuhusu safari ya babu, Gaëlle huacha anachokifanya na kusikiliza, na Marceline huwaambia kwamba kulikuwa na joto, kwamba babu yao aliliona daraja, na kwamba mto ulikuwa umekauka.