Skrini Aliyoiazima Halvard

Halvard Brekke alizaliwa katika nyumba ile ile aliyoishi maisha yake yote, ng'ambo ya barabara kutoka kwangu, na sikumbuki akimwomba mtu kitu. Tulisoma darasa moja. Majira mazima ya baridi alikuja na viatu vinavyovuja, mwalimu asijue. Bonde letu limejaa watu wa namna hiyo. Jirani hasumbuliwi; kama ana macho, ataona mwenyewe.

Alichana mbao kiwandani mpaka akastaafu, na mke alikuwa mmoja tu, Solfrid. Figo za Solfrid ziliposhindwa kazi, Halvard akawa anampeleka kusafishwa damu hospitali, nyuma ya mlima, kwa gari lao la umeme. Teksi ya wagonjwa aliikataa. Alisema wapo wanaoumwa zaidi.

Januari, skrini ya gari ikazima. Kwenye magari haya kila kitu huwashwa humo, hata kipasha joto. Mafundi wa mjini wakamwambia asubiri kipuri. Hakumwambia mtu, akaendelea kuvuka mlima bila joto.

Nilijua asubuhi moja nilipomwona anakwangua barafu kwenye kioo cha mbele, naye amekaa ndani. Ilikuwa barafu ya pumzi zao. Solfrid kando yake, kafunikwa ngozi za kondoo, midomo imebadilika rangi.

Na uani kwangu lilisimama gari la aina ile ile, limebondeka pua tangu nilipogonga kulungu. Skrini yake nzima. Halvard alilipita kila siku.

Nikachomoa waya wa betri, nikangoja umeme uishe. Nikachukua kisu changu cha mti cha kupakia siagi, maana chuma kingekwaruza, nikabandua ukingo wa plastiki taratibu. Nikafungua skrubu, nikatoa waya wa nyuma, nikaifunga skrini kwenye taulo, nikavuka barabara.

"Nini hiki?" Halvard aliuliza mlangoni.

"Skrini ya gari langu."

"Na wewe utatumia nini?"

"Gari halina pua, Halvard. Nitakwenda nalo wapi?"

"Ipokee, mume wangu," Solfrid alisema kutoka jikoni. "Huyu namjua, atakupiga nayo kichwani."

Halvard akatazama sakafu. "Naazima tu."

"Haya, azima."

Tuliifunga garini mwake siku hiyo hiyo. Joto lilipotoka, Solfrid alivua glovu akakinga mikono. Tangu hapo, kila nilipoamka nilikuta theluji ya uani kwangu imeshaondolewa.

Solfrid alifariki mwezi wa Mei, kitandani kwake. Baada ya mazishi Halvard akabisha hodi. Alishika taulo langu, limefuliwa na kupigwa pasi, skrini imo ndani.

"Nimemaliza nayo."

"Gari langu limeshapelekwa kwenye chuma chakavu. Si wewe uliyenisaidia kulisukuma kwenye lori?"

"Niliazima," alisema.

"Na baridi ikirudi? Kipuri chako bado hakijafika."

"Mtu mmoja koti linamtosha."

Nikaipokea. Ningeikataa, ningemvunjia heshima. Nikaiweka kabatini, pamoja na shuka.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, nilichukua skrini na kisu changu cha siagi nikavuka barabara kabla hajaamka. Kwetu magari hayafungwi. Nikaikaza skrini mahali pake, nikaurudisha ukingo.

Baadaye, nikiwa dirishani na kahawa, nilimwona ameketi ndani ya gari, limesimama, amekinga mikono yake mbele ya joto. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akatoka, akachukua koleo, akaja kuondoa theluji uani kwangu.