Pansi za Njia ya Ntalikwa

Veridiana Nimbona alizaliwa Ulyankulu, kwa wazazi waliokimbia Burundi mwaka 1972, akaolewa Cheyo, mjini Tabora. Mama yake alipofariki mwaka jana aliacha ombi moja tu: apandiwe pansi kaburini. Ni maua mafupi ya nchi ya baridi, yenye sura kama za watu, ambayo aliyapalilia utotoni huko Burundi, mbele ya kanisa la misheni. Julai ukoo ungekutana Ulyankulu kusimika msalaba, na Veridiana aliahidi mbele ya wote kwamba maua atayaleta yeye.

Mbegu alipewa na Sista Advera, mtawa wa parokia yao. "Zinataka giza mpaka zichipue," alimwambia, "na udongo laini."

Udongo wa Cheyo ni mchanga mtupu. Siku moja ya Aprili, akitoka Ntalikwa kununua samadi, Veridiana aliona kando ya njia ya zamani ya misafara rundo la majani na vijiti vilivyooza. Chini yake udongo ulikuwa mweusi, mwepesi kama unga. Akajaza kiroba.

Alisia mbegu kwenye beseni, akalifunika kwa khanga kuukuu na kulifungia stoo. Asubuhi alipofungua, juu ya khanga palikuwa na jani bichi la mninga. Pale mtaani hakuna mninga.

"Baba Julieth, uliingia stoo?"

"Kufanya nini? Kuyaimbia maua yako?" Prosperi, mumewe, alicheka. "Mwenzangu, panya nao wanapenda bustani."

Kesho yake kulikuwa na jani jingine. Aliziba dirisha kwa gunia, na jani likaja. Siku moja aliliokota, akaliona lina joto, kana kwamba limetoka sasa hivi kwenye kiganja cha mtu. Tangu hapo hakuuliza tena.

Miche ilipokua aliihamishia uani na beseni lake, na baridi ya Juni ikaleta maua ya zambarau na manjano, yenye macho meusi. Lakini hayakufuata jua. Yote yalitazama ukutani, upande wa magharibi. Aligeuza beseni, mchana akakuta yamerudi kule kule. Prosperi akaacha utani, akawa anakula ndani.

Ndipo akaja Mama Recheli wa Ntalikwa, anayeuza michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Alisimama uani, kikapu kichwani, akitazama udongo mweusi wa beseni.

"Mama Julieth, udongo huu umeutoa wapi?"

Veridiana alimweleza.

"Wewe! Lile si jalala. Pale kalala mpagazi. Msafara ulimwacha ukaendelea. Kila apitaye humtupia jani, apate cha kujifunika. Babu zetu walitupa, na sisi tunatupa. Wewe umemvua nguo!"

"Jina lake nani?"

"Nani anajua?"

Pembe za ndovu alizobeba zilifika pwani, zikaandikwa daftarini. Yeye hakuandikwa popote.

"Na haya majani ninayoyakuta hapa?"

"Wanaopita wanamfunika. Wamemfuata aliko."

"Wanaopita gani, Mama Recheli?"

Mama Recheli alipanga michembe yake upya, akaondoka bila kuuza.

Udongo ule ulikuwa umeshikana na mizizi. Kuurudisha ni kuyarudisha maua.

"Ngoja msalaba upite," Prosperi alimsihi. "Ukoo utauambia nini? Mama yako alikuomba kitu kimoja tu."

Veridiana alikaa akitazama migongo ya maua. Bibi yake mzaa mama naye aliachwa njiani mwaka ule wa kukimbia, akafunikwa majani, na watu wakaendelea kutembea. Mpaka anakufa, mama yake alikuwa akiuliza kila mgeni kama amepita pale.

Aliyapanda yote Ntalikwa, juu ya rundo, akavunja kitawi cha majani na kukiweka. Hapakuwa na upepo. Alipoinuka, sura zote zilikuwa zimegeuka zikimtazama yeye.

Ulyankulu alifika mikono mitupu. Wajomba walimkazia macho. Mama mdogo Stela, aliyevuka mpaka kwa miguu akiwa binti, alimvuta kando ya kaburi.

"Veri, maua ya dada yangu yako wapi?"

"Nimemwachia mtu njiani, mama."

Mama Stela hakuuliza ni nani. Alichukua ndoo, akaanza kumwagilia udongo mtupu wa kaburi, taratibu, akizungusha mkono kama anayekwepa miche.