Udongo wa Kuonyesha Wageni

Bibi mmoja mkulima wa maharage alisoma mpaka darasa la saba, na hajawahi kumruhusu mtu kulisahau hilo. Kampuni inayonunua maharage ilipoleta vijiti vya kuchomeka mashambani, vipime unyevu na rutuba, yeye ndiye aliyesimama kuuliza: "Habari za udongo wangu zinakwenda wapi?"

Mtaalamu wa kampuni, kijana mpole wa viatu vyeupe, akaeleza kwamba zinakwenda kwenye kompyuta, zinachanganywa na za maelfu ya mashamba. Kampuni itajua mavuno kabla hayajavunwa, na kamati ya mfereji itajua nani anahitaji maji.

"Kwa hiyo mtanijua kuliko marehemu mume wangu," akasema bibi.

"Na faida yetu sisi?" akadakia wifi yake, aliyepakana naye mashamba.

Mtaalamu akasema faida ni ya wote. Wakulima wakatazamana. Wengine waliona huo ni upelelezi mtupu; wengine waliona afadhali kompyuta igawe maji kuliko mwenyekiti wa mfereji mwenye mashemeji wengi. Bibi hakuwa na upande. Lililomkaa rohoni ni moja tu: matokeo yangeonyeshwa ukutani kikaoni, shamba kwa shamba.

Ukutani! Wifi aone kwamba udongo wake umechoka? Mgeni akija nyumbani si unafagia kwanza? Basi mtaalamu alipoondoka tu, bibi akaking'oa kijiti chake kwenye maharage, akakichomeka nyuma ya bafu, maji ya kuogea yanapotuama na udongo ni mweusi kama masizi. Akajipongeza kimoyomoyo. Akili ya darasa la saba hiyo!

Simu ikaanza kuleta ujumbe: Hongera, shamba lako lina maji ya kutosha. Akausoma kwa sauti karibu na ua wa wifi. Zamu ya maji ikafika, ikampita, ikaenda kwa wifi. Maharage yalikuwa yametoa maua, na kiu ya wakati huo haina msamaha. Majani yakaanza kujikunja. Akabeba ndoo, mgongo ukamkumbusha umri. Na kila alipooga, maskini, alizidi kujinyima maji: kadiri alivyotakata, ndivyo kompyuta ilivyomwona tajiri. Akirudishe kijiti? Mchoro wa shamba lake ungeporomoka ukutani kama mtu aliyetumbukia kisimani, na wifi si mtu wa kunyamaza.

Siku ya kikao, shamba lake likatokea la kwanza.

"Mama, tuambie siri yako," akasema mtaalamu. Makofi yakapigwa.

"Basi huyu hana shida," akasema mwenyekiti wa mfereji. "Zamu zake zote zilizobaki tuwape wengine."

Bibi akayaona maharage yake yakifa huku yanashangiliwa. Akasimama.

"Maji yangu msiyaguse. Hilo mnalolipigia makofi si shamba. Ni bafu langu."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko.

"Wifi! Kumbe tunakusifu kwa kuoga!" akapaza sauti wifi yake.

"Afadhali mimi naoga, kompyuta ni shahidi. Wewe nani atakushuhudia?"

Mtaalamu hakucheka. Akauliza taratibu, "Kuna mwingine aliyehamisha?"

Mkulima wa nyanya akainua mkono. Chake kilikuwa kando ya zizi la ng'ombe. Mwingine akainua, na mwingine. Mwishowe wifi naye akapandisha mkono nusu, kama anayejikuna sikio.

"Chako kiko wapi?" akauliza bibi.

"Juani, kwenye kichuguu. Nilitaka maji, sikutaka sifa."

Mtaalamu akaifunga kompyuta yake. Jioni ile kamati ikapita kwa miguu, ikatazama majani, ikamfungulia bibi mfereji. Nusu ya maua ilikuwa imeshaanguka, nusu ikapona.

Siku hizi mtaalamu huchomeka vijiti mwenyewe na kuvifunga kwa kufuli. Ukimuuliza bibi nani aliyeifundisha kampuni kwamba kabla ya kupima udongo umpime kwanza mwenye udongo, atakutajia mtu mmoja tu, na hatatazama chini akimtaja.