Picha ya Watu Wawili

Selestina Odoyo alipoanza kuhamisha makochi, nilidhani amegombana na mumewe. Nilimkuta sebuleni kwake, hapa Butimba, akisukuma kabati la vyombo peke yake. Mimi ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mwalimu mstaafu, na kunyamaza sijawahi kufundishwa. Nikamuuliza kama wanahama.

"Nafungua studio ya picha, mwalimu," akasema. "Humu humu ndani."

Miaka kumi na mmoja alikuwa amezunguka na kamera begani: harusi za Kirumba, mahafali, vipaimara. Goti lilikuwa limeanza kumsumbua. Lakini sababu hasa haikuwa goti. Baba yake, mzee Odoyo, alipofariki kwao Rorya, ilitakiwa picha ya kutangulia mbele ya jeneza. Nyumba nzima ikapekuliwa. Ikapatikana moja tu, ya kitambulisho cha mpiga kura, mzee amekunja uso kama mtu aliyekamatwa. Selestina, aliyewapiga picha maharusi wasio na idadi, akaikuza hiyo hiyo, akaitia kwenye fremu, akatembea nayo mbele ya baba yake. Aliniambia kwamba siku ile alilia aibu kuliko alivyolia msiba. Simlaumu.

Basi akapanga. Siku nne alihamisha kiti kimoja cha mbao huku na huku, kila saa akichora alama ya chaki sakafuni pale mwanga wa dirisha ulipoangukia. Saa tatu asubuhi ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote. Shida ilikuwa ufupi wa sebule: ili ampate mtu kuanzia magotini, ilibidi asimame ndani ya jiko, mgongo ukigusa masufuria. Ukuta akaupaka rangi ya kijivu. Upande wa pili akatundika shuka jeupe lirudishe mwanga usoni. Mimi ndiye niliyekuwa mtu wake wa majaribio, na kwenye zile picha nimezeeka kuliko nilivyokuwa najijua.

Kosa alilifanya kanisani. Wakati wa matangazo alisimama akasema wazee wote atawapiga picha bure, "ili familia zisihangaike siku ikifika." Mzee Chenge, ambaye hana simile, akamuuliza mbele ya watu, "Siku gani hiyo, binti? Wewe umeambiwa na nani?"

Hakuja mzee hata mmoja. Wanachuo walikuja, mama wenye watoto wachanga walikuja. Lakini mtaani kile kiti kilishapewa jina: kiti cha jeneza.

Aliyekikataa kuliko wote ni mama yake mzazi, Sabina, aliyehamia pale tangu msiba. Hilo ndilo lililomuuma Selestina. Mama alikuwa na miaka themanini na miwili, moyo umepanuka, na daktari alishaanza kuzungumza naye kwa sentensi anazoziachia katikati. Selestina aliogopa kumzika mzazi wa pili kwa picha ya kitambulisho. Kila asubuhi alimbembeleza, na kila asubuhi mama alikizunguka kile kiti kwa mbali, kama anayepita karibu na mbwa.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita nilikuwa pale nakunywa chai. Mama Sabina akatoka chumbani amevaa gauni lake la kanisani, amekumbatia ile fremu ya mzee Odoyo.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, mwalimu."

Akaenda moja kwa moja kwenye kiti, akaketi, akaisimamisha fremu mapajani na kufuta kioo kwa kiganja. Akamwambia mwanawe jambo kwa Kijaluo, kisha akarudia kwa Kiswahili ili nami nisikie.

"Picha ya mtu mmoja ndiyo ya jeneza. Mimi na huyu tumekaa miaka hamsini na nane, hatujawahi kupigwa pamoja. Tupige wawili."

Selestina akarudi nyuma mpaka jikoni. Mfuniko wa sufuria ulianguka, hakuuokota. Alikuwa analia nyuma ya kamera, nami nalia na kikombe changu mkononi.

"Mama, inamisha fremu kidogo," akasema. "Kioo kinang'aa."

Mama Sabina akamwinamisha mumewe taratibu. "Tulia," akamwambia.

Alifariki mwezi wa nane. Tulisafiri naye hadi Rorya, na pale nyumbani Okwach, kaka mkubwa wa Selestina, akaitazama ile picha akatikisa kichwa. Mzee alishazikwa, akasema, watu watachanganyikiwa. Mdogo wake amkate, abaki mama peke yake. Selestina, ambaye kazi hiyo angeimaliza kwa dakika moja, akajibu, "Simkati mtu."

Akatembea mbele ya jeneza akiwa ameibeba picha nzima, shingo imenyooka kama ya mama yake. Jua lilikuwa kali, kioo kikang'aa. Nikamwona anaiinamisha kidogo, ili watu wawaone wote wawili.