Marundo ya Korosho na Daftari la Dada

Moshi wa korosho zinazochomwa huwasha macho hadi machozi yatoke, na kwetu Msamala ndiyo ilikuwa harufu ya msimu mzima, kwa kuwa mama, mzaliwa wa Nalasi kwenye mikorosho, aliletewa magunia na ndugu zake. Mwaka ule nilikuwa darasa la sita. Dada yangu Mwanahawa alikuwa amemaliza kidato cha nne, na baba alishapokea posa ya mfanyabiashara mmoja wa Majengo. Dada hakubisha. Akawa anaandikiana na rafiki yake Asia kwenye daftari, kwa alama walizozibuni wenyewe: pembetatu, misalaba, vidoti. Nilipomwomba anisomee, alinicheka. “We mtoto, hata ukikesha huambulii kitu.”

Maneno yale yaliniuma, maana nilikuwa mjuaji kupita kiasi. Alasiri moja nililiiba daftari, nikakaa uani na kikapu cha korosho. Kila alama niliipa rundo lake, na kila ilipojitokeza niliongeza korosho moja. Rundo la pembetatu likayazidi mengine kwa mbali. Nikachukua kitabu changu cha kusoma, nikahesabu herufi za ukurasa mmoja vivyo hivyo. Herufi a ikaongoza. Basi pembetatu ni a! Na kwa kuwa karibu maneno yetu yote huishia na irabu, alama za mwishoni zilinipa irabu nyingine, na konsonanti nikazikisia kwenye maneno mafupi. Kabla ya adhana ya magharibi sentensi nzima ilikuwa imefunguka: Ijumaa baba akiwa msikitini napanda basi la Njombe, mama mdogo amenipatia nafasi chuo cha uuguzi.

Nilifurahia ushindi wangu hata sikuelewa nilichosoma. Nikakimbia jikoni, nikamsomea mama kwa sauti. Baba alikuwa mlangoni.

“Rudia,” alisema.

Nikarudia. Dada aliolewa kabla korosho hazijaisha.

Leo kazi yangu ni kulinda siri za watu kwenye kompyuta, na huwafundisha vijana kwamba alama zinazojirudia hujisaliti zenyewe zikihesabiwa. Nimemwomba dada msamaha mara nyingi. Husema, “Yalishapita, mdogo wangu,” nami siamini. Mwezi uliopita, nyumbani kwake Majengo, niliona simu yake iko wazi mezani, haina nywila. Nikamwambia nimwekee. Hakuinua macho kwenye ungo wa mchele.

“Ya nini?” alisema. “Sina tena cha kuficha.”