Siku Baba Aliponunua Kabureta Mpya

Kila mwaka baridi ikianza kushika, mafuta ya nazi huganda chupani. Huyaweka juu ya hita ya jikoni, nikasubiri, na yakianza kuyeyuka ile harufu yake hupanda polepole mpaka ikajaa nyumba nzima. Wanangu huziba pua na kulalamika kwa Kiingereza. Mimi hubaki nimesimama na kitana mkononi, nacheka peke yangu, maana harufu hiyo hainikumbushi nywele wala mchuzi. Inanikumbusha petroli na theluji, na Baba amepiga magoti uani kwetu Ilford, London, kashika kabureta iliyoziba.

Ngojeni niwasimulie. Baba alikuwa mtunzaji wa ukumbi mmoja wa mtaa, mwendo mfupi kutoka kwetu. Alifungua milango, alipanga viti, alifagia, na jioni alirudi ananukia nta ya sakafu. Alifika London kijana, miaka michache baada ya mapinduzi ya kwetu Unguja, na sijui alikuja na nini kingine lakini alikuja na bisibisi. Nyumbani kwetu hakikutupwa kitu. Redio ilifungwa kwa mpira wa baiskeli, birika la umeme lilikuwa na mkono wa mti, na koti lake la baridi lilikuwa na zipu iliyong'olewa kwenye begi la safari. "Kitu hakifi," alikuwa akituambia, "kimechoka tu." Mama alikuwa nesi, na ulimi wake ulikuwa mwepesi. Alimjibu kwamba hata yeye amechoka, mbona yeye hatengenezwi?

Mashine ya theluji ilikuja kwetu kwa tabia hiyohiyo. Kwa kawaida London haina theluji ya kutaka mashine. Ikianguka watu huchukua mabeleshi, wakanung'unika, na baada ya siku chache imeshageuka matope. Lakini mtunzaji aliyemtangulia Baba aliwahi kuishi Kanada, na alipostaafu aliacha stoo mashine ya kutembea nyuma yake ukiishika mikono, nyekundu, yenye mdomo mpana wa meno ya chuma mbele na bomba la kutemea theluji pembeni. Komiti ya ukumbi walitaka itupwe. Baba akaikokota mpaka kibandani kwetu uani, akaifungua yote, akaifunga tena, na theluji ya mwaka ule ilipoanguka ikanguruma mpaka majirani wakatoka kutazama. Aliipenda kuliko gari letu. Na kusema haki, ilikuwa ikiwaka upesi kuliko gari letu.

Mwezi wa Mei uliofuata, Bibi akaja kutoka Unguja. Huyu alikuwa mama yake Mama, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mikono isiyojua kutulia. Maisha yake yote alishona kofia za viua, zile zenye vitundu vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi, na alizoea nyumba yenye shughuli. Kwetu hakupata shughuli. Akitaka kupika anaambiwa apumzike, akitaka kufua anakuta mashine imeshafua. "Mie hapa ni mzigo uliosahauliwa bandarini," alikuwa akisema, akicheka, kisha akiikunja kanga yake na kuikunjua tena. Mimi kicheko kile sikukipenda. Nililala naye chumba kimoja, alinisuka kila Jumapili, na tangu alipokuja nilikuwa mtoto mwenye raha.

Mwisho akajitafutia kazi mwenyewe, kazi ya kupaka mafuta. Chochote kilicholia au kilichoelekea kushika kutu alikipaka mafuta ya nazi aliyokuja nayo kwenye madumu: bawaba, mkasi, cherehani, baiskeli yangu, na bila shaka kichwa changu. Siku moja ya Septemba, jua limewaka na Baba yuko kazini, nikamkuta kibandani ameshavua kifuniko cha injini ya mashine.

"Chuma hichi kitaliwa na unyevu wa huku," akaniambia. "Na baba yako kinavyompendeza! Wacha tumtunzie."

Akapaka vijiti, akapaka springi, na alipoona tundu liko wazi pembeni akalimiminia taratibu, kwa moyo mweupe, kama anavyomimina mafuta kwenye sikio la mtoto anayeumwa. Akafunga kifuniko, akafuta mikono kwenye kanga. Mafuta siku ile yalikuwa maji, na kwao Unguja yako maji mwaka mzima. Bibi alikuwa hajaona bado hata baridi moja ya Uingereza, sasa angejuaje?

Na hapa lazima niseme habari ya maulidi. Kabla hajaondoka kwao, Bibi aliweka nadhiri kwamba akimwona tena mwanawe kwa macho yake, atasoma maulidi ya wanawake. Miezi yote ile alikuwa akiipanga. Baba aliomba ukumbi, Jumamosi moja ya Januari ikapatikana, wanawake wa Ilford wakaalikwa, na wa Woolwich, na wengine sijui Bibi aliwajulia wapi. Halua ilipikwa nyumbani kwetu, Bibi mwenyewe akishika mwiko, na mara ya kwanza tangu afike hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike.

Alhamisi theluji ikaanza kuanguka. Ijumaa asubuhi tulipofungua pazia, gari letu lilikuwa kilima. Shule zikafungwa, nami nikashangilia, mpaka simu ilipolia. Alikuwa mwenyekiti wa komiti. Baba alisikiliza, akaitikia "yes, yes," akaweka simu. Uwanja wa ukumbi ulikuwa mkubwa na wenye mteremko, na mwenyekiti hakutaka watu wavunjike miguu. Uwanja usipokuwa safi kesho asubuhi, ukumbi haufunguliwi.

Bibi aliposikia alikaa kitako juu ya kiti cha jikoni. "Basi hata mbingu hazinitaki huku," akasema. "Nimekuja kuwatia watu taabu tu. Ikishindikana kesho, nikatieni tiketi nirudi zangu, nadhiri yangu nikaiondolee kwetu."

"Mama, wacha maneno hayo," Mama akasema, lakini Bibi hakuwa akitania, nasi sote tulijua.

"Mashine ninayo, mama," Baba akamwambia. "Usitie shaka."

Akaenda kibandani, akaiburura mashine nje, akavuta kamba ya kuwashia. Kimya. Akavuta tena na tena. Akafungua plagi, akaifuta, akairudisha. Akamwaga petroli ya zamani, akatia mpya. Akavuta mpaka koti likamtoka begani, na mashine imetulia kama sanduku. Mwisho akavua kifuniko, akafungua nati mbili, akautoa mpira wa petroli na zile springi, akaichomoa kabureta, akaigeuza kuelekea kwenye mwanga.

Nilikuwa nimechuchumaa pembeni yake. Koo lote la kabureta lilijaa kitu cheupe, kigumu, kama samli iliyolala nje. Baba akakikwaruza kwa ukucha, akanusa. Nami nikaipata ile harufu, harufu ya Jumapili na ya kitana, na nikasema papo hapo, kwa Kiingereza kama tulivyozoea watoto wa huku, kwamba hayo ni mafuta ya nazi ya Bibi.

Bibi alikuwa mlangoni mwa jikoni, amejitanda shali, akitutazama.

Baba hakunikaripia. Aliweka kidole gumba juu ya lile tundu, akaliziba, akainua sauti kwa Kiswahili. "Imekufa hii."

Sijawahi kumsikia akisema hivyo kwa kitu chochote. Nilimtazama kama mtu aliyebadilishiwa baba.

"Nini iliyokufa?" Bibi akauliza.

"Kabureta, mama. Ndiyo inayochanganya petroli na hewa. Ni ya zamani, imechakaa. Haitengenezeki hii."

"Hata wewe huiwezi?"

"Hata mie siiwezi. Nakwenda kutafuta mpya."

Tukatoka mimi na yeye kwa miguu, kabureta imefungwa gazeti mfukoni mwake. Duka lilikuwa la Bwana Ramesh, Mhindi wa Mombasa, aliyekuwa akiuza vipuri vya mashine za kukatia majani, na injini yetu ilikuwa ya namna hiyohiyo. Akalifungua gazeti, akasogeza pua.

"Sheikh, umepikia mchuzi humu?" akacheka. Kisha akaigeuzageuza. "Lakini hii nzima, bwana. Ni mafuta yameganda tu. Weka maji moto, pitisha waya mwembamba, kwisha. Sasa wewe wataka mpya ya nini? Wewe!"

"Nipe mpya, Ramesh."

Bwana Ramesh akamtazama Baba, akanitazama mimi, akarudi kumtazama Baba. Akapanda ngazi, akashusha boksi dogo, akatufungia.

Njiani nilishindwa kuvumilia. Nikamwuliza kwa nini hatukuitia maji ya moto, kama Bwana Ramesh alivyosema.

"Maji ya moto tungechemshia wapi?"

"Jikoni."

"Na jikoni yupo nani?"

"Bibi."

"Haya," akasema Baba, akaendelea kutembea kama mtu aliyekwisha jibu. Mimi sikuambulia kitu. Nilidhani baridi imempanda kichwani.

Mama alikuwa dirishani tuliporudi, na alipoliona boksi akalifungua dirisha kwa makusudi. "Jamani, Baba Zuwena kanunua kipya! Kiama kimekaribia!" Akacheka mpaka akakohoa. Baba akatikisa kichwa, akapita na boksi lake mpaka uani. Yeye aliyejivunia bisibisi yake kuliko shati lake la Idi, siku ile alikubali kuchekwa mchana kutwa.

Akakwangua gasketi ya zamani, ile karatasi ya kuzibia maungio, kwa kisu, akafuta pahala pake, akaweka mpya, akaisimamisha kabureta na kukaza nati. Ikabaki springi moja, nyembamba kama uzi, ambayo ncha yake huingia kwenye kitundu kidogo cha mkono wa kabureta. Baba vidole vimekufa ganzi. Springi ikamponyoka, ikaangukia thelujini, tukaitafuta. Akajaribu tena, ikamponyoka tena. Mimi nikajaribu nikaishia kujidunga.

"Mama," akaita, "hebu njoo. Nahitaji mkono wako."

Bibi akatoka na makubadhi yake, soksi za Mama ndani, akakanyaga theluji kama anayekanyaga sakafu mbichi. Akainama, akaishika springi kwa ncha za vidole, akatazama, akaiingiza. Mara moja tu.

"Ah! Kitundu cha kofia hichi," akasema. "Kumbe mlikuwa mnahangaika na hichi?"

Baba akaurudisha mpira wa petroli, akavuta choki, akashika kamba. Ilipowaka, moshi wa buluu ukatoka, Bibi akaruka nyuma, "Bismillahi!" na papo hapo akaanza kucheka, kicheko cha kweli, ameishika shali yake kidevuni. Baba akaondoka na mashine yake kwenda ukumbini, na mpaka giza linaingia tulikuwa tukiisikia ikinguruma kule mtaa wa pili.

Maulidi yalisomwa. Wanawake walipanda ule mteremko kati ya kuta mbili za theluji, kanga zinaonekana chini ya makoti, na Bibi amesimama mlangoni na mrashi, akiwanyunyizia marashi mmoja mmoja kama mwenye nyumba. Udi ulifukizwa mpaka Baba akawa na wasiwasi na kengele ya moto. Habari ya tiketi haikutajwa siku ile, wala baada yake. Bibi alikaa nasi mpaka nikaolewa, na gauni langu alilitia taraza yeye, kwa uzi na sindano yake mwenyewe.

Lakini kuna jambo lililotokea vuli iliyofuata, nami kwa utoto wangu nikaliona dogo. Bibi alirudi kutoka dukani na Mama, akamfuata Baba sebuleni, akampa kikopo kidogo cha mafuta ya cherehani.

"Mwanangu, ipake mashine yako haya," akasema. "Nimeuliza. Haya hayagandi."

Baba akakipokea kwa mikono miwili. "Ahsante, mama." Basi, wakaishia hapo. Bibi akaenda kusali, Baba akaendelea na gazeti lake, na mimi nikadhani wanazungumza habari ya mafuta.

Nilikuja kuelewa nikiwa mke wa mtu, nimesimama jikoni kwangu asubuhi ya baridi, chupa iko juu ya hita na nyumba imejaa harufu. Mafuta yale yangeyeyushiwa wapi Bibi asiyanuse? Baba aliona ni afadhali kitu kizima kiitwe maiti, na yeye mwenyewe aitwe fundi aliyeshindwa, kuliko mama mkwe wake ajue kwamba alikaribia kuyaharibu maulidi yake kwa mkono wake. Na Bibi alijua. Sijui ni mimi niliyemjulisha kwa mdomo wangu, au ni baridi yenyewe ilipomgandishia dumu lake chini ya kitanda. Alijua, akamwachia mkwewe raha ya kumsitiri, na vuli ilipofika akamshukuru kwa kikopo. Mimi nililelewa na watu hao wawili. Nikifikiri hivyo moyo hunijaa.

Bibi ametangulia mbele ya haki. Baba amekuwa mzee, na huja kwangu kila Jumapili kunywa chai. Juzi alinikuta na chupa juu ya hita, akasimama, akavuta pumzi ndefu.

"Baba," nikamwambia, "ile kabureta. Sasa si unaweza kusema? Mwenyewe hayupo."

Akavuta kiti, akakaa, akanisogezea kikombe nimmiminie.

"Ilikuwa imekufa ile, Zuwena," akasema.